Beryl Markham: Rubani aliyefunzwa na jua kali kabla ya kuvuka bahari

KWA watu wengi duniani, jina la Beryl Markham huambatana na usiku mmoja tu. Ni usiku wa Septemba 4, 1936, alipopaa kutoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake ndani ya ndege ya injini moja, akaelekea magharibi juu ya Bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, ustadi uliomvusha mwanamke huyo hadi Canada hakuupata juu ya maji baridi. Aliupata Afrika Mashariki, katika kazi ya kila siku ya kubeba barua, vifaa na abiria mmoja mmoja hadi kambi za wachimba dhahabu na za wawindaji, chini ya jua lililoweza kuiangusha ndege kabla haijafika mwisho wa uwanja.

Kazi hiyo haikuwa na sherehe wala wapiga picha. Ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomfundisha.

Ili kuelewa ilikotoka, hapana budi kuanza na Kakamega.

DHAHABU YA KAKAMEGA

Mnamo mwaka 1931, dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo ya Kaskazini. Habari zilienea upesi. Walowezi wengi walikuwa wamefilisika kutokana na kuanguka kwa bei za mazao duniani na uharibifu wa nzige, na mamia yao waliacha mashamba wakaenda kuchimba na kuchekecha mchanga wa mito ya Waluhya.

Kwa wenyeji, neema hiyo ilikuwa msiba. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika haingeguswa bila mabaraza yao kushauriwa, na kwamba kila kipande ambacho kingechukuliwa kingefidiwa kwa kipande kingine cha ardhi. Mwishoni mwa 1932, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji wapewe ardhi bila mashauriano hayo, na wenyewe walipwe fedha badala ya ardhi. Ahadi iliyotolewa kuwa ya milele haikutimiza hata miaka 3.

Dhahabu hiyo ilibadilisha pia biashara ya anga. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, lakini kambi za machimbo zilikuwa mbali na reli, na barabara zake ziligeuka tope kila mvua iliponyesha. Mwenye mgodi aliyevunjikiwa mtambo, au mchimbaji aliyeumia shimoni, alihitaji msaada kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo, kuanzia magharibi mwa Kenya hadi upande wa Tanganyika wa Ziwa Victoria, wachimbaji wakawa wateja wazuri wa marubani wachache waliokuwapo Nairobi.

Mwaka huohuo wa 1931, Beryl Markham alipata leseni yake ya kwanza ya urubani.

MTOTO WA NJORO

Beryl Clutterbuck alizaliwa Oktoba 26, 1902, Ashwell, katika jimbo la Rutland nchini Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 4 aliletwa Kenya, ambayo wakati huo iliitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro, akajenga mashine ya kusaga unga na karakana ya mbao, akafuga farasi wa mashindano.

Mama yake hakuyaweza maisha hayo. Alirudi Uingereza na kaka yake Beryl, akamwacha binti huyo kwa baba.

Kwa hiyo Beryl alilelewa zaidi na watu wa shambani kuliko na wazazi. Alikua akizungumza Kiswahili na lugha za majirani zake, akacheza na kuwinda pamoja na watoto na vijana wa Kiafrika. Rafiki yake wa karibu alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye baada ya kutiwa jandoni aliitwa arap Ruta. Urafiki huo ulidumu hata walipokuwa watu wazima, ingawa utawala wa kikoloni ulikwisha kumfanya mmoja kuwa bwana na mwingine mtumishi. Arap Ruta alimfuata Beryl kwenye mazizi ya farasi, kisha kwenye banda la ndege.

Ukame ulipoharibu mavuno baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Clutterbuck alilazimika kutimiza mikataba ya unga aliyokwisha kuitia saini kwa bei ya chini. Akafilisika, akaondoka kwenda Peru. Beryl, ambaye alikuwa ameolewa akiwa kijana mdogo sana, alibaki Kenya na kuanza kujitegemea kwa kufunza farasi. Mnamo 1926, farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi.

Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, ambaye jina lake alilitumia hadi mwisho wa uhai wake. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1929, lakini mtoto huyo alilelewa Uingereza na upande wa baba yake, na ndoa hiyo nayo haikudumu.

MWALIMU NA MKASA WA VOI

Aliyemfundisha kurusha ndege ni Tom Campbell Black, mwanajeshi wa zamani aliyekuja Kenya kulima, kisha akawa rubani mkuu wa kampuni ya Wilson Airways. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mlowezi mjane, na ni jina la mama huyo ambalo Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi unalo hadi leo.

Campbell Black aliyafahamu vyema madhara ya joto na upweke. Mwaka 1931 alimtafuta na kumwokoa rubani mashuhuri wa Ujerumani, Ernst Udet, aliyekuwa amekwama na fundi wake katika vinamasi vya mto Nile kusini mwa Sudan. Huko rubani aliyeanguka hakufa kwa kishindo. Alikufa polepole kwa kiu, jua na mbu, huku maji machafu yakimzunguka.

Mwaka huohuo, Beryl alipata somo chungu zaidi. Rafiki yake Denys Finch Hatton alimwalika waende Voi kutafuta tembo kutoka angani. Campbell Black alimsihi asiende siku hiyo, naye akakubali kuahirisha. Mei 14, 1931, ndege ya Finch Hatton ilianguka mara tu baada ya kupaa Voi, ikaungua. Yeye na mtumishi wake, Kamau, walikufa papo hapo.

Beryl hakuacha mafunzo. Alipata leseni ya kwanza katikati ya mwaka huo, na mwaka 1932 akaruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza katika ndege yake ndogo aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 alifaulu mtihani wa leseni ya biashara, uliomtaka aijue injini na hesabu za safari kama fundi na nahodha. Akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kurusha ndege kwa malipo.

HEWA INAPOKUWA NYEPESI

Msomaji wa leo huenda asitambue ugumu wa kazi hiyo. Ndege hupaa kwa sababu hewa inayopita kwenye mabawa yake inaisukuma juu. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, na kadiri nchi inavyoinuka juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa inavyozidi kupungua.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Kakamega zaidi ya mita 1,500. Saa sita mchana, bawa hushika hewa kidogo, panga la mbele huvuta kidogo, na injini hupata hewa chache ya kuunguzia mafuta. Hasara hizo tatu huja kwa pamoja. Ndege iliyopaa kwa urahisi alfajiri yaweza kukimbia uwanja mzima adhuhuri bila kuinuka, na miti ya mwisho wa uwanja haisogei.

Ndiyo maana marubani wa wakati huo walipenda kuondoka kabla jua halijapanda. Walipima mzigo kwa uangalifu, kwani debe moja la mafuta lililozidi liliweza kuwa kifo, na debe moja lililopungua likawa kifo vilevile, mbele zaidi ya safari.

Kulikuwa na hatari nyingine. Injini zilizopozwa kwa upepo zilichemka kupita kiasi. Mafuta yaliweza kugeuka mvuke ndani ya mirija na kuacha kutiririka. Mchana hewa ilipanda na kushuka kwa mirusho iliyoitupa ndege ndogo kama kishada. Kwenye viwanja vya porini, mafuta yalimiminwa kutoka kwenye madebe kupitia ngozi laini ya kuchujia, ili maji na mchanga visiingie kwenye injini.

Beryl alifanya yote hayo bila redio. Viwanja vingi alivyotua vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa majani, vyenye mashimo ya wanyama na makundi ya punda milia waliopaswa kufukuzwa kwanza. Safari yake mojawapo inayojulikana zaidi ilikuwa ya kupeleka mtungi wa oksijeni Nungwe, kusini mwa Ziwa Victoria, kwa ajili ya mgonjwa katika kambi ya wachimbaji. Aliruka usiku na kutua kwa mwanga wa mioto iliyowashwa kando ya uwanja.

KATI YA MAJITU YA ANGANI

Wakati Beryl akihangaika na ndege yake ya viti viwili, majitu yalianza kuonekana katika anga ya Afrika Mashariki. Februari 28, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town. Kati ya Khartoum na Ziwa Victoria zilitumika ndege za Short Calcutta, zenye injini 3, ambazo zilitua juu ya maji.

Ndege hizo zilibeba abiria wachache matajiri, lakini kilichozilipa hasa ni mifuko ya barua. Zilikuwa na wahudumu, redio, bohari za mafuta na nyumba za kulala wageni njia nzima. Injini moja ikifa, zilibaki nyingine. Zikichelewa, kulikuwa na mtu wa kuuliza ziko wapi.

Rubani wa ndege ndogo hakuwa na lolote katika hayo, ingawa alipita njia ileile ya Nile, juu ya vinamasi na jangwa vilevile. Kwa Beryl, kulikuwa na kikwazo cha ziada. Kanuni za Sudan zilimzuia mwanamke kuruka peke yake juu ya sehemu za nchi hiyo bila kibali maalumu cha wakuu wa jeshi la anga mjini Khartoum. Hofu yao ilikuwa gharama ya kumtafuta iwapo angepotea.

Hata hivyo, majitu hayo hayakuweza kufanya kazi yake. Hayakuweza kutua katika uwanja mdogo wa machimbo wala kuzunguka chini juu ya vichaka vya Ukambani. Ndege kubwa ilifika Kisumu. Kutoka hapo kwenda kambini, mwenye haraka alimtegemea rubani mdogo.

Kazi nyingine iliyomlipa vizuri haina fahari leo. Alitafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri walioongozwa na Bror Blixen, kisha akawadondoshea ujumbe uliowaelekeza kundi lilipo. Ilikuwa kazi ya hatari, kwani kuanguka kwenye miiba ya mkonge pori mbali na maji kulimaanisha kutoonekana tena. Kwa tembo, ilimaanisha kwamba hata kichaka hakikuwaficha tena.

USIKU WA ATLANTIKI

Mapema mwaka 1936, Beryl na Blixen waliruka hadi Uingereza kupitia Sudan, Misri na Libya, ambako wakuu wa Kiitaliano waliwachelewesha. Alikuwa akielekea kwenye jaribio kubwa kuliko yote. John Carberry, mlowezi wa Nyeri, alikuwa amekubali kumwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull yenye injini ya nguvu za farasi 200, kwa ajili ya kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi.

Upande huo ndio mgumu, kwa kuwa pepo kuu za bahari hiyo huvuma dhidi ya msafiri. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuruka kutoka Uingereza kuvuka bahari hiyo kwa upande huo peke yake bila kutua.

Ndege ilijazwa matangi ya ziada ya mafuta hadi ndani ya chumba cha rubani. Haikuwa na redio. Alipaa jioni ya Septemba 4 katika mvua na upepo, akaruka gizani karibu usiku mzima. Zaidi ya mara moja injini ilizimika wakati tangi moja lilipokwisha na lingine kufunguliwa, naye akasubiri iwake huku ndege ikishuka kuelekea baharini.

Baada ya takriban saa 21, akiwa tayari ameiona nchi kavu, injini ilikosa mafuta. Barafu ilikuwa imeziba matundu ya kupitisha hewa kwenye tangi la mwisho. Alishuka kwenye ardhi iliyoonekana imara, kumbe ilikuwa kinamasi. Ndege ilizamisha pua katika tope la Baleine Cove, kisiwani Cape Breton, Nova Scotia. Alitoka na jeraha la kichwa.

Hakufika New York kwa ndege ile kama alivyokusudia, lakini alipopelekwa huko alipokewa na umati mkubwa. Furaha hiyo haikudumu. Septemba 19, 1936, Tom Campbell Black alikuwa akiendesha ndege yake ndogo ya mashindano ardhini katika uwanja wa Speke, Liverpool, pale ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ilipomgonga. Mtu aliyemwokoa mwenzake kwenye vinamasi vya Sudan aliuawa na ndege kubwa kuliko yake, kwenye uwanja wenye majani yaliyokatwa, kabla hajapaa.

KITABU NA UZEE

Beryl alihamia Marekani. Mwaka 1942 alichapisha kitabu cha kumbukumbu, West with the Night. Kilisifiwa na wahakiki, lakini dunia ilikuwa vitani na kitabu kikasahaulika. Baadaye kulizuka ubishi kama aliyekiandika ni yeye au mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher. Ubishi huo haujaisha, ingawa wanaomtetea husema kwamba sehemu ya kitabu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hajakutana na Schumacher.

Alirudi Kenya karibu na mwaka 1950 na kushika tena kazi ya farasi. Hakuwa rubani tena wa kulipwa. Akawa mmoja wa wafunzaji bora nchini, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara 6. Fedha, hata hivyo, hazikukaa mikononi mwake. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akiwa na mapato haba.

Mwaka 1983, kitabu chake kilichapishwa upya Marekani baada ya msomaji mmoja kukuta barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu. Kikauzwa kwa wingi, na bibi wa miaka 80 akapata tena jina na riziki.

Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja tu kabla ya kutimia miaka 50 tangu avuke Atlantiki. Shimo mojawapo la sayari ya Zuhura limepewa jina lake.

ALICHOKIACHA

Miaka 3 baada ya kifo chake, njia za anga alizozizoea kuelekea kusini mwa Sudan zilijaa kelele mpya. Kuanzia 1989, Lokichoggio, katika joto la Turkana, ikawa kituo cha ndege kubwa za mizigo, zikiwemo Hercules zenye injini 4, zilizopeleka chakula cha msaada kwa waathiriwa wa vita vya Sudan. Kando yake zilipaa ndege ndogo zilizobeba dawa, madaktari na wagonjwa hadi kwenye viwanja vya udongo ambavyo majitu hayo hayakuweza kutua.

Marubani wao walikuwa na redio na mitambo ambayo Beryl hakuiota. Lakini hesabu ya alfajiri haikuwa imebadilika. Walipima joto, urefu wa uwanja, uzito wa mzigo na mafuta, kisha wakaamua nini kibebwe na nini kiachwe.

Historia ya urubani wa Kenya haikuanzia kwenye sherehe za New York. Ilianzia kwenye viwanja vya vumbi, kwa ndege zilizotumikia dhahabu iliyochimbwa katika ardhi ya Waluhya na pembe za tembo wa Ukambani, na kwa mikono ya watu kama arap Ruta na Kamau, ambao majina yao hutajwa kwa nadra. Beryl Markham alikuwa mmoja wa walioijenga kazi hiyo. Ujasiri wake hauna ubishi, na gharama iliyolipwa na wengine ili yeye apae haipaswi kusahaulika.